Mkanda wa Pili wa Sinema ya Mwezini

Vijana mliobaki ofisini mlinifuata siku ile ya kuniaga, soda zikiwa bado mezani, mkasema, "Mzee, tuandikie kidogo mambo ya gari la sinema, maana sisi tumekuta televisheni." Nimekubali. Vyeo sitavitaja, mishahara mnaijua wenyewe, na hotuba ya siku ile ilinisifia mengi ambayo sikuyafanya. Nitaandika juu ya projekta, juu ya safari ya mwezini, na juu ya mtu anayeitwa Otmari, ambaye nimemwonea wivu karibu maisha yangu yote ya kazi. Wivu huo bado ninao, kwa hiyo mkiona mahali nimemsema vibaya, punguzeni wenyewe.

Nilipoanza kazi nilikabidhiwa kwa Mzee Kasiani, fundi sinema wa wilaya, Mpogoro wa Mahenge aliyevaa koti hata katika joto la Ifakara. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa mashine. Alinipa kitambaa na spiriti, akanikalisha kwenye ngazi ya gari, nikafuta lenzi mpaka mchana. Siku ya pili akanifundisha kitanzi. Filamu inapopita mbele ya taa, lazima uiache ijikunje kidogo juu ya taa na kidogo chini yake, nafasi ya kupitisha vidole viwili. Ukisahau, meno ya mashine yanaivuta ikiwa imekaza, na inachanika mbele ya kijiji kizima. "Iachie pumzi," alikuwa akiniambia. Halafu akaongeza jambo ambalo sikulielewa mpaka baadaye. Alisema fundi sinema mzuri watu hawajui kama yupo. Wakigeuka kumtazama, ujue kuna kitu kimeharibika.

Kasiani alipostaafu nikapewa mashine, na ofisi ikatuletea Otmari wa kushika kipaza sauti. Filamu nyingi zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo ilibidi mtu asimame kando ya shuka ya kuonyeshea picha na kuwaeleza watu wanachokiona. Otmari hakujua Kiingereza kunishinda mimi. Alikuwa anatazama picha na kusema. Katika filamu ya kuchimba choo alimpa mchimbaji jina, akampa mke, akampa na mama mkwe anayekuja kutembea Jumamosi huku choo bado hakijafika kiunoni. Watu wa Mang'ula walicheka mpaka wengine wakalala chini. Mwaka uliofuata vyoo vilikuwa vimechimbwa, nami nikaambiwa kazi ya Otmari inaonekana.

Sikilizeni sasa. Gari nilikuwa naendesha mimi. Jenereta nilikuwa nawasha mimi, shuka nafunga mimi, filamu ikikatika naiunga mimi kwa wembe na gundi, gizani, huku watoto wanaingiza mikono kwenye mwanga kufanya vivuli vya sungura. Lakini tukikaribia kijiji tulikuwa tunasikia, "Sinema ya Otmari hiyo inakuja!" Na chakula kikiletwa, firigisi ya kuku ilikuwa inatua kwenye sahani yake. Mnajua wenyewe firigisi hapewi mtu hivi hivi. Mimi nilikuwa napewa shingo. Shingo ina nyama tamu, silalamiki, lakini miaka inapita na firigisi inapita mbele ya pua yako, mtu unaanza kuitazama.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tumebakiwa na filamu chache zinazoweza kupita kwenye mashine bila kukatika. Mojawapo ilikuwa ya wale watu wa kwanza kutembea mwezini. Filamu hiyo ilikuwa na mikanda miwili, na mkanda wa pili haukuwahi kufika Ifakara. Wa kwanza ulionyesha chombo kikiruka kwa moshi mwingi, halafu watu wawili wakirukaruka juu ya mwezi kama ndama waliofunguliwa asubuhi, halafu mkanda unaisha na shuka inabaki nyeupe. Otmari ilibidi atafute namna ya kufunga. Akawa anasema, kwa sauti ya chini ambayo alikuwa anaitunza kwa ajili ya hapo tu, "Basi ndugu zangu, hapo ndipo tunapowaacha. Wako kule. Tukijaliwa kurudi, tutawaona tena." Watu walikuwa wanainua nyuso na kuutazama mwezi. Mimi nilikuwa nimeinama narudisha mkanda.

Swali lilianza katika kijiji cha Kisawasawa. Mwenye duka mmoja alisimama akauliza, "Otmari, mbona hatusikii tena watu wakienda huko? Walianza kwa kishindo, sasa kimya." Otmari akalirudisha kwa watu, kama kawaida yake. "Tusaidiane. Nini kifanyike ili waende tena?" Mmoja akasema hawaendi kwa sababu hakuna cha kuleta zaidi ya mawe, na mawe yanajaa pale Udzungwa bila kupanda chombo. Mwingine akasema walikwenda kwa kushindana na jirani, na jirani amechoka, kwa hiyo atafutwe jirani mwingine. Walibishana mpaka jenereta ikakohoa kwa kuishiwa mafuta.

Mimi nilikuwa na jibu, na hakuna aliyeniuliza. Nitaliandika hapa maana karatasi ni yangu. Jenereta ukiiacha msimu mzima bila kuiwasha, hutaikuta ulivyoiacha. Kabureta imeziba, mipira imekauka, na fundi aliyezijua kelele zake amehamia Mlimba. Wale watu wa mwezini walikuwa na mafundi wengi nyuma yao, wa kuchomelea, wa kushona nguo zile, wa kusikiliza mashine. Safari ziliposimama, mafundi wale wamekwenda wapi? Wamezeeka, wengine wamekufa, na mikono yao imekwenda nao. Michoro inabaki, lakini mchoro haukazi boliti. Anayetaka binadamu aende tena mbali aanze kwa kukalisha vijana karibu na wazee hao mapema. Kisha arushe chombo kila msimu, hata kama safari ni fupi, ili mikono isisahau. Hilo ndilo jibu, na mpaka leo naamini ni jibu la mtu mwenye akili. Nilimweleza Otmari njiani. Akasema, "Zuri hilo, Fundi. Nitalisema tukifika Michenga." Tulipofika hakulisema.

Tulifika Michenga mchana, tukakuta jumuiya inasali chini ya paa la bati nyumbani kwa mwenyekiti wao, Bibi Agata, mama mkubwa wa umri anayelima mpunga ng'ambo ya mabwawa. Tukavua kofia tukasimama pembeni. Waliombea wagonjwa, wakaombea waliosafiri. Halafu Bibi Agata akasema, bila kubadilisha sauti, "Na wale vijana wawili walioko mwezini, uwape chakula, uwaletee na wa kuwachukua." Wote wakaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Nilimtazama Otmari. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaitikia pamoja nao.

Baada ya sala tulimwamkia Bibi Agata, na Otmari akamuuliza taratibu tangu lini wanawaombea. "Tangu ulipotuambia wako kule," akasema. "Tunawaacha vipi watoto wa watu?" Otmari akamuuliza kama anaamini watafuatwa. Bibi Agata akamshangaa. "Mwanangu, mwaka ule mume wangu alipozingirwa na maji kwenye dungu, analinda mpunga, kijiji hiki kilikuwa hakina mtumbwi mzima hata mmoja. Miaka yote tulikuwa tunasema tutachonga, tutachonga. Alipokwama, ulichongwa. Na waliochonga hawakuwa wachongaji. Kama kule juu hakuna mtu, hao wakubwa watakaa na kusema tutakwenda, tutakwenda. Akiwepo mtu, watakwenda tu."

Kwenye gari nilimwambia Otmari hili si jambo zuri, awaambie ukweli kwamba watu wale walirudi zamani. Akajibu huku anakula firigisi aliyofungiwa kwenye jani la mgomba. "Ukweli upi, Fundi? Mkanda wako unaishia pale. Mimi nasema ninachokiona. Niletee mkanda mwingine nami nitausema." Akanipa kipande cha mkate. Niliumia, na siwezi kuficha kilichoniuma zaidi. Filamu iliyopita kwenye vidole vyangu ilikuwa imeingia mpaka kwenye sala za watu, lakini iliingia kwa mdomo wake.

Haukupita muda tukaitwa ofisini. Kulikuwa na afisa mpya, mama mmoja mpole anayeandika sana, akatueleza kwamba gari la sinema linapumzishwa. Badala yake itakuja televisheni na deki ya video, na kazi hiyo inahitaji mtu mmoja tu. Atakuja kutuona Kivukoni, kwenye onyesho la mwisho, kisha atapendekeza nani abaki. Mnajua maana yake. Wote wawili tulikuwa na watoto shuleni, na wote wawili hatukuwa na kazi nyingine mikononi. Otmari akacheka akasema, "Basi tukafanye sinema nzuri, Fundi." Mtu asiyekuwa na wasiwasi anakera sana ukiwa wewe unao.

Wiki hiyo nilitumwa Morogoro kuchukua taa ya akiba. Mtunza ghala aliniacha nijitafutie, na chini ya makopo ya filamu za kilimo cha pamba nikakuta kopo lenye kutu ambalo halikuwa la pamba. Nikavuta filamu kidogo, nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Niliona miamvuli mitatu mikubwa angani na chombo kidogo kikishuka chini yake, wale watu wanarudi. Ulikuwa mkanda wa pili. Nilikaa chini pale pale ghalani. Nikajua Kivukoni nitakwenda na kitu ambacho Otmari hana. Picha yenyewe itasema, mashine yangu itasema, na kwa mara ya kwanza watu watageuka kunitazama bila kitu kuharibika. Niliufuta mkanda ule inchi kwa inchi nyumbani, nikaunga palipochanika. Kwa Otmari sikusema neno. Yeye si ndiye aliyeniambia nimletee?

Kivukoni wakati huo pantoni ilikuwa ikisimama jioni, kwa hiyo malori yalilala foleni na watu walikuwepo wa kutosha hata bila tangazo. Bibi Agata alikuja na wenzake wa jumuiya kwa sababu Otmari alikuwa amewapelekea habari. Afisa alipewa kiti mbele. Wakati nafunga shuka, Shabani, mkubwa wa wenye mitumbwi, alimfuata afisa akamwamkia, akaanza kumweleza habari za wale wa mwezini kana kwamba serikali ndiyo iliyochelewa. "Sisi hapa mtu akikwama ng'ambo hatuitishi kikao, mama. Inakwenda mitumbwi miwili. Mmoja una watu, mwingine mtupu wa kumrudishia. Ule mtupu ndio muhimu. Sasa hao wenzetu wameshindwa kupeleka mtupu?" Afisa aliandika, sijui aliandika nini.

Mkanda wa kwanza ulikwenda vizuri. Otmari alikuwa katika siku yake nzuri kuliko zote, Mungu amsamehe. Chombo kiliporuka, aliwafanya watu wahesabu naye kurudi nyuma, mpaka madereva wa malori. Shuka ilipokuwa nyeupe akaanza sauti yake ya chini, "Basi ndugu zangu, hapo ndipo..." Nami nikasema kwa nguvu kutoka kwenye mashine, "Bado, Otmari. Kuna mwingine."

Watu wakageuka wakanitazama. Nilikuwa nimeisubiri saa hiyo tangu enzi za Kasiani, na ilikuwa tamu.

Nikaachia vitanzi, nikawasha. Chombo kikashuka na miamvuli yake baharini, kikaelea. Helikopta ikaja. Wakatoka watu, wakapandishwa kwenye meli, wamevaa vitu vya kuziba uso. Halafu wakaonekana wamefungiwa kwenye kijumba cha chuma, wanachungulia dirishani huku wanacheka, na mkubwa fulani anaongea nao kwa nje. Kipaza sauti kilikuwa kimening'inia mkononi mwa Otmari.

"Wamefanya nini mpaka wafungwe?" akauliza Bibi Agata.

Hapo Otmari akazinduka. "Hawajafungwa, Bibi. Walikuwa wanachunguzwa wasije na magonjwa."

"Kwa hiyo hawa ndio wale?"

"Ndio wale."

"Walirudi lini?"

Otmari akanitazama. Swali lilikuwa la filamu, na filamu ilikuwa yangu, kwa hiyo nikajibu mimi. "Zamani, Bibi. Kabla hata mimi na Otmari hatujaanza kazi hii. Walikaa kule muda mfupi tu wakarudi salama."

Nilitegemea vigelegele. Watu wawili mliokuwa mnawaombea wamerudi salama, si jambo la kushangilia? Bibi Agata aliitikia, "Tunamshukuru Mungu," na wenzake wakaitikia, kwa adabu, kama mtu aliyeletewa habari njema za ukoo mwingine. Kisha akajifunga kanga vizuri. Otmari alijitahidi. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba bado kuna vitu vyao vimebaki kule, miguu ya chombo, kamera, hata viatu walivyovitupa nje ili wapunguze uzito.

"Mtu haendi mbali hivyo kufuata viatu, mwanangu," Bibi Agata akamwambia.

Shabani naye alikuwa ameshasimama. "Kumbe hakuna mtu huko," akasema. Hakukasirika. Alisema kama anavyosema mtu aliyeamka mapema akakuta mgeni ameshaondoka. Wakatawanyika, madereva wakaenda kulala chini ya malori yao, na mwezi ulikuwa pale juu ya mto na sikuona mtu aliyeinua uso kuutazama. Hakuna aliyeuliza nini kifanyike ili waende tena. Tangu Kisawasawa, ilikuwa mara ya kwanza swali hilo kutoulizwa.

Tukafungasha. Otmari akanisaidia kukunja shuka, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. "Mkanda mzuri," akasema. "Ungenionyesha kabla, ningewaandaa." Nikamwambia yeye mwenyewe aliomba mkanda mwingine. "Niliomba, kweli," akasema, na hatukuliongea tena.

Afisa alipendekeza nibaki mimi. Alisema video zinajisemea zenyewe, kinachotakiwa ni mtu anayeelewa jenereta na waya. Nilishinda, kama mnavyojua, maana ndivyo mlivyonikuta. Otmari akahamia Michenga kulima mpunga. Nilizunguka na televisheni ile bonde zima mpaka mwaka huu niliostaafu. Nikazunguka na kanda za malaria, za uzazi, za mbegu bora, picha safi, sauti safi, hakuna kukatika. Watu walikuwa wanakaa, wanatazama, wanaondoka. Hamtaamini kiasi gani mtu anaweza kumwonea wivu mwenzake aliyemshinda.

Jumapili moja baada ya kustaafu nikapanda baiskeli nikaenda Michenga. Sikuwa na shughuli, niseme ukweli, nilitaka kuona kama Otmari amezeeka. Nikamkuta kwenye jumuiya, chini ya lile bati, meno machache, watu wamemzunguka. Bibi Agata bado ni mwenyekiti. Wakaombea wagonjwa na wasafiri. Kisha yule bibi akasema, "Na wale watakaokwenda mwezini siku moja, uwape moyo wa kukaa. Wasirudi upesi, mpaka iwalazimu wengine kuwafuata." Wakaitikia wote, na Otmari kwa sauti kuliko wote.

Niliitikia pia. Nilikuwa nawaza kwamba mkanda wa pili uliwarudisha wale watu mpaka nyumbani, na mtu huyu, bila mashine wala shuka wala afisa, amewapandisha tena. Na jibu langu la mafundi bado halijasemwa na mtu.

Chakula kikaletwa. Bibi Agata akawaambia wageni wachache waliokuwepo, "Huyu Otmari ndiye aliyetupeleka mwezini. Na huyu Fundi ndiye aliyeturudisha." Akaitoa firigisi kwenye bakuli, akaiweka kwenye sahani yangu. "Kula, baba. Na wewe ulifanya kazi."

Nikala. Ilikuwa firigisi, mnajua ladha yake. Otmari alikuwa upande wa pili wa mkeka, anaguguna shingo, anasema jambo na watu wanacheka mpaka wanashikana mabega, nami nikaitamani ile shingo.